Mwito wa Tatu

Kalikata, 25 Julai 1905

Durga atulinde.

Miguuni pako, Shangazi,

Nainama na kugusa vumbi la miguu yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limepata nafuu. Mimi sijambo, isipokuwa kikohozi changu kile unachokijua, ambacho mvua ikianza nacho huanza. Nyumba tunayopanga inavuja, na mpishi wetu anatia pilipili utadhani ameapa kutumaliza. Binti yangu Bulu hajambo? Tangu mama yake afariki ni wewe uliyemlea, na sijui nikushukuruje. Mwambie baba yake atakuja sikukuu ya Durga bila kukosa, na bangili nitamletea.

Baada ya salamu, Shangazi, nina haja kwako. Bila shaka mmesikia hata huko kwamba serikali inataka kuikata Bengali vipande viwili. Watu hapa wamewaka. Kila jioni tunakutana na kusemezana, na katika kusemezana huko nimekumbuka jambo lililonichoma tangu shuleni. Mwalimu mmoja Mwingereza alituambia darasani kwamba sisi si taifa, ni umati tu, maana hatuna hata hadithi moja tunayoweza kuiita yetu sote. Leo jibu ninalo: hadithi tunazo, zimekaa majikoni kwa akina shangazi, ila sisi tulianza kuzionea haya siku tulipovaa viatu. Nataka kuzikusanya na kuzichapa. Mtoto wa Dhaka na mtoto wa Kalikata wasome kitu kimoja, na siku moja mtoto wa Punjabi naye asome, ajue sisi ni ndugu.

Niandikie zote unazozikumbuka. Ninayoitaka kuliko zote ni ile ya Mwitaji wa Mchana. Nakumbuka nusu yake tu: jua likifika utosini, kuna kitu hupita kijijini na kumwita mtu kwa sauti ya yule anayemkosa. Mwisho wake siujui, kila mara nilisinzia mapajani pako. Inaishaje?

Mwana wa kaka yako,
Nibaran


Kalmidanga, 24 Shraban 1312

Mwanangu Nibu, uishi miaka mingi,

Barua yako imefika ikiwa imelowa. Goti ni lile lile, usiliulize, litakasirika. Ng'ombe amezaa ndama jike mwenye doa jeupe. Mfenesi wa nyuma umeangusha matunda mengi hata nimechoka kuyagawa.

Eti "25 Julai". Unataka kuwafukuza Waingereza na hata tarehe yako ni ya kwao, si ya kalenda yetu ya Kibengali! Anzia hapo, bwana mkubwa, ndipo uje kwenye majiko yetu.

Bulu hajambo. Ameng'oka jino la mbele na anakula ukwaju kwa kuiba, akidhani simwoni. Anasoma vizuri, kunishinda mimi. Lakini nikwambie kitu. Kila mchana, watu wakishajilaza, yeye huenda kukaa kwenye ngazi za bwawa, uso kwenye njia ya mtoni. Nikimuuliza anafanya nini, anasema, "Namwangalia Baba asije akapita nyumba." Kwa hiyo sikukuu hiyo usiikose.

Hadithi ninakuletea sita, nimeziandika nyuma ya karatasi hizi: ya mbweha na mamba, ya binti mfalme wa vitunguu, na hizo nyingine. Zipambe upendavyo, hazina ubaya. Ile ya Mwitaji hapana. Hiyo haisimuliwi hivi hivi. Husimuliwa taa ikishawashwa, msikilizaji akiguna kila baada ya maneno machache, ili msimuliaji ajue anayemsikiliza ni mtu. Mchana haitajwi kabisa. Na maana yake nzima ni jambo moja ambalo kila mtoto wa hapa analijua kabla ya kujua kuoga: ukiitwa mchana usiitike mpaka uitwe mara ya tatu. Kila kikija, kile kitu huweza kuita mara mbili tu. Wewe mwenyewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unahesabu kwa vidole. Hata tarishi wetu hapa, pamoja na kofia yake ya serikali, huita mara tatu getini ndipo nitoke.

Mwisho wake sikuandikii. Niliujua mara moja tu, na sikuujua kwa kusimuliwa. Usiniulize tena.

Shangazi yako,
Khiroda


Kalikata, 12 Bhadra 1312

Durga atulinde.

Miguuni pako, Shangazi,

Ona tarehe! Umenitia adabu. Nakugusa miguu mara mbili, moja ya heshima na moja ya msamaha. Mpongeze ng'ombe. Mwambie Bulu kwamba meno mapya huota haraka kwa watoto wasioiba ukwaju.

Hapa mambo yanachemka. Tumechoma nguo za kigeni kwenye uwanja mbele ya nyumba yetu, moshi ukaingia mpaka kwenye wali. Mimi nimetoa shati langu la harusi. Sasa navaa kitambaa cha kufumwa kwetu, kinakwaruza kama gunia, na chumvi tunayokula ni ya kwetu, ina mchanga. Nimemtumia Bulu kipande cha kitambaa hicho hicho. Bangili za kioo sitaleta tena, ni za kigeni, atanisamehe.

Hadithi zako sita zimewatoa watu machozi. Kuna bwana mmoja ana mtambo wa kuchapa, amekubali kutuchapia kwa bei ndogo. Kuhusu ile nyingine, usisumbuke na mwisho. Nimeelewa. Nitajua la kufanya.

Nibaran


Kalmidanga, 3 Kartik 1312

Mwanangu Nibu,

Uishi. Sikukuu imepita. Niliviringa kashata za nazi za kukutosha mwezi mzima, na sisimizi wamekula sehemu yako. Bulu alivaa kile kitambaa chako kinachokwaruza siku zote nne, akakataa kifuliwe kisije kikachujuka rangi. Siku sanamu ya Durga ilipotoswa mtoni alisimama ukingoni mpaka mashua ya mwisho. Sikusikia akilia. Ningependa ningesikia.

Siku ile Bengali ilipokatwa, mliyoagiza nchi nzima isiwashe jiko, tuliitii. Mwalimu Akhil wa shule alipita nyumba kwa nyumba akitufunga uzi wa manjano mkononi, eti kwa ajili ya taifa tufunge. Nikamwambia, "Baba, mimi mjane. Miaka thelathini nafunga kila siku ya kumi na moja ya mwezi mwandamo, hata tone la maji sinywi, na hakuna aliyewahi kuniambia nalifungia taifa." Alicheka, lakini uzi akanifunga. Bado ninao, sikuutupa. Usidhani shangazi yako hapendi nchi yake.

Sasa nisikilize. Kitabu chako kimefika. Akhil anakisoma kwenye baraza ya shule, tena mchana, jua utosini. Nimesimama nje ya uzio nimesikia kwa masikio yangu. Umeandika ile hadithi. Umeiita "Mama Anaita". Yule Mwitaji umemvika taji na sari nyekundu, umesema ni Mama India anawaita wanawe, na umesema mwoga ndiye husubiri mwito wa tatu, mwana mwema huitika mwito wa kwanza. Halafu watoto wote arobaini wakaruka wakapiga kelele, "Naam, Mama!"

Nibu! Umewafundisha watoto kufungua mlango.

Niliyokuandikia mimi yalikuwa na kinga yake. Wewe umechukua kitu chenyewe ukaiacha kinga. Waambie waondoe kurasa hizo. Bulu anakijua kitabu kizima kwa moyo, kwa sababu kina jina lako juu.

Khiroda


Kalikata, 20 Kartik 1312

Durga atulinde.

Miguuni pako, Shangazi,

Nakuomba msamaha kwa sikukuu. Tulikuwa na mikutano mitatu wiki ile, na mimi ndiye ninayesoma. Mweleze Bulu. Mwambie nitakuja mwisho wa mwezi wa Poush, mpike ile mikate ya mchele ya sukari guru.

Shangazi, ungeona! Kitabu kimekwisha sokoni, tunachapa upya. Jioni moja nilisoma "Mama Anaita" mbele ya watu mpaka wengine wakakaa juu ya kuta. Ninapofika pale Mama anapoita, huchagua jina la mtu mmoja aliyeko mbele yangu na kumwita. Basi anasimama na kuitika, na wenzake wote wanasimama. Wakili mmoja mnene alivua koti lake la Kiingereza akalikanyaga huku analia. Watu wale walikuwa hawajuani. Mmoja tabaka la juu, mwingine la chini, mwingine Mwislamu kutoka Barisal, na wote mama zao waliwahi kuwaambia wasubiri mwito wa tatu! Unaelewa hilo lina maana gani? Hofu moja ilitulea sote. Mimi nimeigeuza kuwa ushujaa, basi.

Ni hadithi tu, Shangazi. Siwezi kuondoa kurasa ambazo watu wanazijua kichwani.

Nibaran


Kalmidanga, 12 Agrahayan 1312

Nibu,

Uishi. Ng'ombe mzima, goti baya, mpunga umevunwa.

Jana mchana nilikuwa naanika vidonge vya dengu juu ya kitambaa uani. Bulu alikuwa karibu yangu anafukuza kunguru kwa ufito. Hapakuwa na upepo. Kunguru wenyewe walinyamaza, na hilo ndilo nililoliona kwanza, nikainua kichwa. Bulu naye alikuwa ameinua chake. Akatabasamu hata pengo lake nikaliona, akasema kwa sauti, "Abee, Baba!" Akatupa ufito akakimbia getini.

Mimi sikusikia kitu, Nibu. Hata kidogo.

Nilimkuta ameshika nguzo ya geti anaangalia huku na huku. "Ameniita," akasema. "Alikohoa kwanza, halafu akaniita." Nikamuuliza aliitwa mara ngapi. Akaniangalia kwa kunishangaa. "Mara moja, Bibi. Mtoto mwema haitiki mara moja?"

Ulikuwa wapi jana mchana? Nijibu hilo tu, mengine acha.

Khiroda


Kalikata, 5 Poush 1312

Durga atulinde.

Miguuni pako, Shangazi,

Nimechelewa kujibu kwa kuwa tulikuwa safarini Bardhaman. Baridi imeanza, kikohozi kimezidi. Mpishi wetu amefukuzwa na aliyekuja badala yake hatii pilipili wala chumvi.

Bulu ni mtoto asiye na mama na baba yake yuko mbali. Mtoto wa namna hiyo husikia mengi. Mpe maziwa kabla ya kulala na usimwache juani. Siku hiyo uliyoiuliza nilikuwa na shughuli, sikumbuki vizuri. Mwisho wa mwezi nakuja, kama nilivyosema.

Nibaran


Kalmidanga, 11 Poush 1312

Nibu,

Sina salamu leo.

Kinakuja kila mchana. Mwanzo aliitwa kutoka njia ya mtoni. Kisha kutoka kwenye ngazi za bwawa. Wiki hii ni kwenye mianzi, nyuma ya jiko. Namfungia ndani, namshika mikono, namwambia, "Subiri ya tatu." Anasubiri, maskini, anahesabu kwa vidole kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Kidole cha kwanza, cha pili. Kisha anabaki na cha tatu kimekunjwa, na anasema, "Bibi, ataondoka! Atadhani simpendi!"

Lakini alikwishaitika mara moja, na aliyekwishaitika hasahauliwi. Hicho ndicho nilichokuwa sitaki kukuandikia.

Jana niliweka unga kwenye kizingiti cha jiko. Leo una alama za vidole vya miguu, nusu ya mbele tu, na zimeelekea ndani.

Umeandika kwamba hukumbuki ulikuwa wapi. Mimi nimekulea. Ukisema "sikumbuki vizuri" najua una kitu mkononi umekificha nyuma ya mgongo.

Njoo.

Khiroda


Kalikata, 17 Poush 1312

Miguuni pako, Shangazi,

Nakumbuka nilikuwa wapi.

Ulikuwa mkutano wa mchana, kwenye uwanja wa chuo, na watu walikuwa wengi kuliko siku zote. Nilifika pale Mama anapoita. Nikatazama mbele kutafuta mtu wa kumwita, na kwenye bega la baba mmoja nikaona binti mdogo ana pengo la meno. Nikakohoa. Na jina lililonitoka mdomoni lilikuwa Bulu. Niliita, "Bulu, njoo!" Yule mtoto hakuitwa Bulu, kwa hiyo hakuitika. Uwanja mzima ukanyamaza kusubiri, na mimi niliyesimama juu ya meza nilisikia mtu akiitika, Shangazi. Kwa mbali sana. "Abee, Baba!" Nilidhani ni mtoto wa jirani. Nikaendelea kusoma.

Naogopa. Nilikuandikia ujinga ule wa maziwa kwa sababu naogopa.

Kesho kutwa wanataka nisome mara ya mwisho mwezi huu, nimekataa. Nimepata nafasi kwenye stima ya tarehe ishirini na saba. Nitashuka Kalmidanga siku ya mwisho ya Poush, mchana, maana mashua za kutoka kituo cha stima hufika saa hizo. Nitasimama getini na kuita mara tatu. Mshike Bulu mpaka mwito wa tatu. Usimruhusu kabla ya hapo hata akisikia ni mimi, hata ukisikia wewe ni mimi.

Nibu wako


Kalmidanga, 26 Poush 1312

Mwanangu Nibu, uishi miaka mingi, na Bulu aishi kukuzidi,

Salamu nyingi. Leo naandika kwa utulivu, kama unavyoona mwandiko haujapinda. Goti haliumi kabisa, ajabu. Mikate ya mchele nimeanza kupika mapema, iko kwenye chungu cha udongo juu ya kichanja, paka asifikie.

Ulikuwa unautaka mwisho wa hadithi. Nimeona ni haki yako.

Nilikuwa na umri wa Bulu. Baba yangu, yaani babu yako, alikuwa amekwenda Assam kwenye mashamba ya chai na alikuwa harudi. Mchana mmoja aliniita kutoka njia ya mtoni na mimi nikaitika mara moja, kwa furaha, kabla hata sijafikiri. Kila siku kikawa kinakaribia. Mwisho kikafika mlangoni. Nilikuwa nimekaa mapajani mwa bibi yangu, mzaa baba, ambaye vyungu vyake napikia mpaka leo. Kikaita mara mbili. Nikafungua mdomo. Bibi akaniziba kwa kiganja, kilikuwa kinanuka manjano, akaitika yeye.

Basi, mwisho ni huo. Anaitika mwingine. Kile kitu hakichagui, mwanangu, kinataka tu jibu lake. Ndiyo maana wanawake waliinyamazia sehemu hiyo. Nani atataka mtoto wake alale akijua? Mtoto alijua asubiri, na mama alijua la kufanya mtoto akishindwa kusubiri, hiyo ndiyo ilikuwa hadithi yetu tangu zamani. Wewe ukaandika kwamba Mama huita na watoto huenda. Umeipindua juu chini. Ni watoto wanaoitwa, na mama ndiye huenda.

Leo kimeita mlangoni. Safari hii nimekisikia na mimi. Ni sauti yako hasa, pamoja na kikohozi. Nilijua siku yako bado, na hata hivyo miguu yangu ilitaka kusimama. "Bulu." Kidole cha kwanza. "Bulu, mwanangu, fungua." Cha pili. Cha tatu hakukisubiri, akafungua mdomo.

Nikamziba, nikaitika mimi. "Abee."

Hakuna kilichotokea. Kunguru wakaanza kulia, ng'ombe akapiga chafya. Bulu amekasirika na amenikataza kusema naye mpaka jioni. Hata kwa bibi ilikuwa hivyo hivyo, alipika chakula cha jioni siku ile, akanisuka nywele. Alikwenda mchana wa kesho yake. Kwa hiyo nina muda wa kutosha, usisikitike. Dengu nimeloweka, kesho asubuhi nitaanika vidonge vya mwisho.

Bulu anakwenda kulala kwa mke wa Akhil kesho tangu alfajiri. Nywele zake zipake mafuta ya nazi, si ya haradali, yanamwasha kichwani. Ndama ameachishwa. Ufunguo wa sanduku la shaba uko mahali unapopajua. Uzi wa manjano nimemfunga Bulu mkononi, ule wa taifa lenu. Mimi siuchukii, Nibu. Umeunganisha watu, nimeona. Ila siku nyingine ukikopa kitu jikoni, muulize mwenye jiko kinashikwaje.

Ukifika, ita mara tatu. Ita taratibu. Mwito wa tatu ukipaza sauti utamtisha.

Hadithi yangu imekwisha, mchicha wa uani umenyauka, na aliyeguna aende akalale.

Shangazi yako,
Khiroda


Kalmidanga, 19 Magh 1312

Durga atulinde.

Miguuni pako, Shangazi,

Nainama na kugusa vumbi la miguu yako. Sijui niitume wapi barua hii. Nimezoea kukuandikia, basi naandika.

Barua yako ilipishana nami, imenifuata kutoka Kalikata na imefika leo. Bulu hajambo. Nampaka mafuta ya nazi. Nilipofika nilisimama getini nikaita mara tatu, na katika maisha yangu sijawahi kuogopa sauti yangu mwenyewe namna ile. Baada ya mwito wa tatu mlango wa jirani, kwa mke wa Akhil, ulifunguka, Bulu akatoka mbio. Alinishika shingo. Halafu akaninong'oneza, "Baba, mbona ulichelewa? Bibi amekwenda kukufuata."

Kitambaa chako kilikuwa bado uani. Vidonge vya dengu umevipanga safu nzuri mpaka katikati, kisha safu imekatika. Bakuli limewekwa chini kwa utaratibu, halikumwagika hata kidogo. Watu wanasema mto. Wamevuta nyavu na hawakupata kitu. Mimi nimeacha safu yako ilivyo.

Nilimwandikia mwenye mtambo tangu siku niliyofika, nikamwomba aiondoe "Mama Anaita". Na leo, baada ya kusoma barua yako, nimemwandikia tena kumpa mwisho wako. Jibu la ile ya kwanza lilikuwa limekuja na mfuko huo huo wa posta. Anasema mwisho wangu sasa uko Pabna na Bombay na vijana wanakwenda nao jela, kwa hiyo mimi si mwenye hadithi tena. Amesema kweli. Wiki hii nimewakusanya watoto wa shule taa zilipowashwa, nikawasimulia unavyosimulia wewe, wakiguna. Ni watoto arobaini tu. Wengine wote siwezi kuwafikia, Shangazi, na najua wataitwa.

Sasa ni mchana. Bulu yuko pembeni yangu anakula mkate wa mwisho wa chungu chako, vidole vyote ni sukari guru. Kunguru wamenyamaza.

Kuna mtu ameniita kutoka kwenye ngazi za bwawa. "Nibu." Hakuna mwingine duniani anayeniita hivyo. Naam iko kooni, na ilikuwa inatoka. Bulu ameacha mkate. Ameweka kiganja chake kinachonata juu ya mdomo wangu, na kwa mkono wa pili, wenye uzi wa manjano, amenionyesha kidole kimoja.

"Nibu, mwanangu." Vidole viwili.

Sijaitika. Kalamu inakwaruza, hakuna sauti nyingine uani. Kidole cha tatu cha Bulu bado kimekunjwa, naye ananikazia macho asipepese. Ni sauti yako, Shangazi, hata ule uchovu wa kupanda ngazi kwa goti bovu umo ndani yake. Nimekukosa kuliko ninavyoweza kusema.

Kama ni wewe, ita tena.